Tiki ya Saa Kumi

Kwa Scholastika Wegesa, mtu asiyekosa hata siku moja alikuwa mtu wa kuchunguzwa. Alijifunza hivyo Musoma, alikokaa miaka kumi na moja langoni mwa kiwanda cha minofu ya samaki, akiandika nani kaingia na nani katoka. Wafanyakazi waliugua, walifiwa, wengine walilewa, wakakosa. Mmoja tu, mwanamume mpole wa meza ya kukatia minofu, hakukosa kwa miaka minne. Siku walipomvua gambuti wakakuta minofu ya sangara imekunjwa ndani kama soksi.

Kiwanda kilipofungwa, Scholastika alihamia Bunda kwa dada yake, na baada ya muda akapata kazi ya rejista katika kituo cha vijana kilichopo Kabasa. Wanafunzi wa pale walikuwa wameachwa na shule kwa sababu moja au nyingine: mabinti waliozaa mapema, yatima, vijana waliotoka machimboni wakiwa na vifua vibovu. Walifundishwa kusoma na hesabu, halafu kushona au kuchomelea vyuma. Scholastika aliita majina mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Vijana walimwita Madam Skola. Akigeuka, walimwita Kamera.

Jina lilimfaa. Alijua nani husingizia msiba. Kuna bibi mmoja wa Nyamuswa alikuwa ameshazikwa mara tatu tangu Januari, na Scholastika aliziandika tarehe zote. Ila waliokosa hawakumnyima usingizi. Aliyemnyima usingizi ni Mniko.

Mniko alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mtoto wa wafugaji wa upande wa Butiama. Alipanga chumba Kabasa kwa Mama Adventina. Tangu aingie mwezi wa pili hakukosa. Mvua ikinyesha alikuwepo, na hata siku aliyotapika hadi akashikiliwa na wenzake alikuwepo. Tena akishaitwa haendi kukaa. Husimama mezani mpaka aone alama yake imewekwa.

"Madam, hiyo ni peni au penseli?" aliuliza siku ya kwanza.

"Ni peni. Kwani?"

"Basi vizuri. Penseli inafutikaga."

Scholastika alimtazama akirudi kwenye benchi lake, akawaza: huyu ana jambo.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, Scholastika aliita majina ya asubuhi, akasimamia kipindi cha kusoma, na ilipofika saa sita akapanda gari kwenda Musoma. Alikuwa anapeleka ripoti ya mwezi kwenye ofisi ya mradi unaofadhili kituo, iliyopo Mukendo. Rejista alimwachia mwalimu wa uchomeleaji, Danford. Alipomaliza ofisini akashuka ufukweni Mwigobero kununua dagaa, akarudi Bunda jua limeshazama.

Kesho yake alipofika kituoni alimkuta Mniko kakaa mlangoni peke yake.

"Madam, shikamoo. Naomba nipige picha ukurasa wa jana."

"Marahaba. Ukurasa wa jana una nini?"

"Wa rejista. Asubuhi na jioni."

"Rejista si ya kupigwa picha. Sema una shida gani."

Mniko aliangalia chini. Alisema dada yake Bhoke amempigia simu. Ng'ombe wanne wa baba yao mdogo, mzee Leonardi, wamepotea jana, na mzee ameshakwenda ofisi ya kijiji kusema mwizi ni Mniko. Amesema kamwona kwa macho.

"Na wewe ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa siku nzima, Madam. Si imeandikwa?"

Ilikuwa imeandikwa kweli. Scholastika alifungua ukurasa, akakuta tiki mbili mbele ya jina la Mniko. Kisha macho yake yakashuka hadi chini. Tiki za saa kumi zilikuwa ishirini na tatu, darasa zima, hakuna hata mmoja aliyekosa, na zote zimelalia upande mmoja kama zimepigwa kwa pumzi moja. Katika kituo kile, jioni ya Alhamisi, watu wote kuwepo? Alifunga daftari akaenda karakana.

"Mwalimu Danford, jana jioni uliwaona hawa wote?"

Danford alikuwa anapanga nondo. Hakuinua kichwa. "Si nimeandika?"

"Nauliza uliwaona kwa macho?"

Alifuta mikono. "Umeme ulikatika saa saba. Mashine hazifanyi kazi, ningewafundisha nini? Nikawaruhusu saa saba na nusu, nikafunga geti."

"Ukawapigia tiki wote."

"Madam Skola, mahudhurio yakishuka chini ya themanini mradi unatukata chakula cha mchana. Unajua kuna watoto hapa hicho ndicho wanachokula tu. Ningeandika geti limefungwa, tungekuwa tumewasaidia nini?"

Kosa la Danford Scholastika alilielewa haraka. Lakini Mniko amesema alikuwa hapa siku nzima, na geti lilikuwa na kufuli tangu saa saba na nusu. Kutoka Kabasa hadi kijijini kwao, kwa pikipiki, ni kama saa moja.

Akamwita Mniko nje, chini ya ukuta wa choo ambako hakuna wa kusikia.

"Mniko, jana baada ya saa saba na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Geti lilifungwa."

"Nilikuwa getoni, chumbani kwangu. Nililala."

Siku hiyo hiyo, kabla ya kurudi nyumbani, Scholastika alipita kwa Mama Adventina kama mtu aliyekuja kuomba maji. Walizungumza habari za mahindi, kisha akaulizia mpangaji.

"Jana?" Mama Adventina alisema. "Jana huyu kijana hakuonekana mpaka saa kumi na mbili. Nilianua nguo zake mimi mwenyewe, wingu lilikuwa limekaza."

Uongo wa pili. Scholastika alitembea kwenda nyumbani. Alijiambia kwamba alijua tangu mwanzo. Mtu hagandi kwenye rejista miezi minne bure. Yawezekana alikuwa anajenga ukuta wa tiki ili siku moja apite nyuma yake.

Jumatatu ikaja barua ya mtendaji wa kijiji, Jofrey, ikiomba kituo kilete kumbukumbu za mahudhurio Jumatano. Wazee na sungusungu watakuwepo. Danford aliisoma, akamfuata Scholastika mpaka jikoni.

"Peleka rejista kama ilivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Usiongeze neno. Kijana atapona, na mimi nitapona."

"Na kama ameiba?"

"Una uhakika ameiba?"

"Sina. Na wewe huna uhakika kwamba hajaiba. Tiki hiyo haijui kitu, Danford."

Jumanne mchana alimwita Mniko mara ya mwisho. Safari hii hakuuliza alikuwa wapi. Aliuliza kwa nini hakosi.

Mniko alinyoosha mkono wa kushoto. Kidole kidogo kilikuwa kimekaa upande, hakikunjiki.

"Mwaka juzi zilipotea ng'ombe za jirani. Mimi nilikuwa mlimani nachunga, peke yangu. Wakaniuliza ulikuwa wapi, nikasema mlimani. Nani alikuona? Nikasema hakuna. Wakanipiga siku mbili. Ng'ombe zikapatikana kwa mtu mwingine, hakuna aliyekuja kuniambia pole." Akarudisha mkono mfukoni. "Niliposikia kuna mahali wanakuandika jina asubuhi na jioni, kwa peni, nikaja. Mapenzi ya kuchomelea yalikuja baadaye."

Scholastika alisikia maneno yale yakimwingia, na bado sehemu moja ya moyo wake ikasema: maneno mazuri sana haya. Mwizi naye angesema hivyo hivyo.

Jumatano walishuka Makutano saa mbili asubuhi, yeye na Mniko, wakachukua pikipiki mbili. Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Wazee walikaa kwenye mabenchi, sungusungu wamesimama dirishani na fimbo zao. Mzee Leonardi alikuwa mbele, kavaa koti la suti juu ya shati la njano. Ndiye aliyebaki na mifugo ya marehemu kaka yake, baba wa Mniko, na Bhoke alishamwambia Scholastika kwa simu kwamba mwaka huu Mniko alikuwa anatakiwa kukabidhiwa fungu lake, ng'ombe sita.

Jofrey, mtendaji, alikuwa kijana mwenye miwani na daftari kubwa. Akampa Scholastika nafasi.

Alisimama na rejista kifuani. Alijua akiifungua tu na kunyamaza, kazi imekwisha. Mniko alikuwa anamtazama mkono, si uso.

"Naitwa Scholastika Wegesa, mimi ndiye naandika mahudhurio," alisema. "Alhamisi asubuhi, saa tatu, nilimwita Mniko akaitika. Nikakaa naye darasani mpaka saa sita kasoro. Hilo nimeliona kwa macho yangu na nitaapa. Hapa pameandikwa jioni pia alikuwepo. Hilo si kweli. Umeme ulikatika, watu waliondoka saa saba na nusu, na tiki hizi zilipigwa bila kumwona mtu. Mchana huo sijui alikuwa wapi."

Chumba kikavuma. Mniko alifumba macho. Sungusungu mmoja akasogea mlangoni, akauziba kwa bega.

Mzee Leonardi aliruka wima. "Mmesikia! Mmesikia wenyewe! Ndiyo huo mchana niliomwona, anaziswaga ng'ombe zangu kuelekea mtoni. Hii mama imesema kweli, Mungu aibariki!"

Jofrey alifunua kurasa za daftari lake, akarudi nyuma, akafuata mstari kwa kidole.

"Mzee, mchana saa ngapi?"

"Saa nane, tisa. Jua limepinda."

"Alhamisi jioni ulipokuja hapa uliniambia saa nne asubuhi. Ulisema ulikuwa umetoka kukamua, hata chai hujanywa. Nimeandika, na dole gumba lako hili hapa."

"Saa nne, saa nane! Mimi navaaga saa?"

"Chai unakunywaga mchana?" aliuliza mzee mmoja wa benchi la nyuma, na watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha.

Scholastika alikuwa bado amesimama. Kulikuwa na kitu kinamwasha tangu ile barua ije, na sasa akakipata.

"Naomba kuuliza, kama mgeni," alisema. "Mzee aliona ng'ombe wake wanne wanaswagwa, na anamjua anayewaswaga. Je, alipiga yowe?"

Katika nchi ile, hata mbuzi akichukuliwa yowe hulia, na asiyeitika hutozwa faini. Jofrey akawageukia sungusungu wa dirishani.

"Alhamisi mlisikia yowe?"

"Hatukusikia," alijibu mkubwa wao. Alimwangalia Leonardi kwa muda mrefu. "Asubuhi hatukusikia, mchana hatukusikia. Mzee alikuja kutuambia magharibi, ameshakula."

Leonardi alianza kusema koo lilimkauka, alikuwa mbali, upepo ulikuwa unavuma upande mwingine. Alisema sababu tatu mfululizo, na kila moja iliifukuza ile iliyotangulia. Mwisho wake wazee waliamua kwamba Mniko hana kesi, na kwamba mzee Leonardi arudi wiki inayofuata aeleze upya, tena mbele ya ukoo. Aliyeziba mlango akasogea.

Wakiwa Makutano wanasubiri gari la kurudi Bunda, Scholastika alimnunulia Mniko soda. Akamwacha anywe nusu.

"Umenidanganya mara mbili," alisema.

"Ndiyo, Madam."

"Ulikuwa wapi?"

Mniko aliizungusha chupa mikononi. "Geti lilipofungwa nikaona nikirudi chumbani nitakuwa peke yangu. Nani ataniona? Nikaenda sokoni Bunda. Nikazunguka, nasalimia watu, nauliza bei, nauliza saa. Mpaka jioni. Nikiwa nafanya hivyo nikajiona nimekuwa kama kichaa. Halafu Bhoke alipopiga nikawaza, ni nani pale sokoni ananijua jina? Hata mmoja. Ndiyo nikasema nilikuwa kituoni."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Scholastika aliyaweka maneno hayo akilini, kama alivyoziweka tarehe za yule bibi wa Nyamuswa.

Wiki tatu baadaye ng'ombe wa Leonardi walirudi. Alisema wamerudi wenyewe, wanne wote, lakini kwato zao zilikuwa safi, si za ng'ombe waliotembea mbali. Hakuna aliyemwamini, wala hakuna aliyethibitisha kitu. Ukoo ulikaa, Mniko akakabidhiwa ng'ombe wake sita, akamwachia Bhoke awatunze. Danford hakumsemesha Scholastika kwa siku kumi. Kwenye ripoti ya mwezi Scholastika aliandika asilimia sabini na nane, akaeleza kwa nini, na ofisi ya Mukendo ikamtuma mtu aje kuhakiki. Yule mtu alihesabu vichwa siku mbili bila kutoa taarifa, akala ugali pamoja na vijana, akaondoka. Chakula hakikukatwa, ila barua ilikuja ikisema kuanzia sasa anayefunga geti mapema aandike saa na sababu. Danford alipoisoma akaleta kiti chake karibu na meza ya rejista, akasema, "Basi niite na mimi jina langu, Madam," na siku hiyo wakacheka.

Mwezi wa nane, Jumamosi, Scholastika alikwenda soko la Bunda kununua nyanya. Alichagua taratibu, kisha akamuuliza muuzaji, mwanamke mnene mwenye kanga kichwani, kama anakumbuka kijana mrefu, mwenye kidole kibovu mkono wa kushoto, aliyekuwa akizunguka pale Alhamisi moja umeme ulipokatika.

"Vijana warefu ni wengi, mama yangu. Na umeme unakatikaga kila Alhamisi." Muuzaji akapima nyanya, akaongeza mbili. "Kuna mmoja aliniulizaga saa mara tatu. Nikamwambia we, una ndege ya kuwahi? Lakini siku gani, siwezi kukudanganya."

"Kidole chake?"

"Sikumwangalia kidole."

Scholastika alimshukuru, akachukua nyanya zake. Alisimama kidogo katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku, akitafuta kama kuna meza nyingine ambako angeweza kuuliza. Kisha akaenda kwenye vitunguu.