Jina Lilirudi Peke Yake

Kwetu Lubumbashi jina halikai kwenye damu. Ukizaa, unampa mtoto jina la rafiki yako, la shemeji, hata la sista aliyekuzalisha, na kuanzia siku hiyo mtoto na huyo sista ni mtu mmoja, wanataniana na kupeana zawadi. Hilo ninalijua tangu utoto, kama ninavyojua kusonga bukari, ugali wetu. Basi niambieni, nililisahau vipi?

Papa, baba yangu, alizaliwa hapa hapa, mtoto wa mfanyakazi wa reli, lakini jina lake lilikuwa la Kasai. Miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, jina ndilo lililoulizwa mlangoni. Mama ni wa Pweto, hapa hapa Katanga, yeye hakuna aliyemgusa. Wakapatana hivi: papa aondoke kwa treni na mdogo wangu wa kiume, mama abaki mtaani kwetu Bel-Air na mimi, mpaka watu warudiwe na akili. Stesheni ilijaa magodoro, masufuria na kuku. Mdogo wangu, maskini, alikuwa anacheka kwa sababu anapanda treni. Hatukusikia habari zao tena.

Mama akaendelea kuuza samaki wakavu sokoni, na kila msafiri wa Kasai aliyesimama mbele ya meza yake aliulizwa habari za mtoto kabla ya kupewa bei. Wengine walikimbilia meza nyingine. Mimi niliona aibu, kisha nikazoea, kisha nikaanza kuuliza mwenyewe.

Nilikuwa tayari nina watoto wangu nilipokuta kwenye simu kikundi cha watu wenye jina la papa. Kilianzishwa na mzee mmoja anayeishi Ubelgiji, akitaka kila mtu apimwe ADN, yaani vinasaba, tumjue babu yetu mmoja. Amekaa kule mpaka anaamini kwamba jina moja ni ukoo mmoja. Humo ndani tuliitana babu, shangazi, mpwa, kelele tupu. Na humo nikamwona kijana wa Liège, huko huko Ubelgiji, mwenye jina la papa na jina la mdogo wangu, yote mawili, yamefuatana vilevile.

Alikulia Kasai kwa mama yake. Hakumjua baba yake. Kila akimuuliza mama yake jina limetoka wapi, mama huyo alikuwa analia tu. Umri wake ulipungua miaka michache kuliko wa mdogo wangu, lakini mama yangu hakutaka kusikia hesabu.

"Batoto ba ile wakati, nani alikuwa anaandika myaka?" akasema. "Ule mama alimuokota. Anaogopa kumuambia."

Nikaamini. Nilitaka kuamini, nisiseme uongo.

Vichupa vya kupimia vililetwa na msafiri. Unatema mate ndani, unafunga, basi. Lakini kwa mama yangu mate ya mzazi ni baraka, hayatemwi bure. Alikishika kichupa kwa mikono miwili, akamwombea mwanawe afya na njia nyeupe, ndipo akatema. Kesho yake akaanika godoro jipya juani, la kumlaza mgeni wake.

Majibu yakatoka. Karibu hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzake, na yule mzee wa Ubelgiji hakulingana na mtu hata mmoja. Ningecheka, kama kijana wa Liège angelingana na mama. Hawakulingana. Si mtoto wake, si mpwa, si chochote.

Kijana akampigia mama yake simu, akambana kwa majibu hayo mpaka akasema. Kisha akatupigia sisi. Nikaweka simu mezani kwa sauti kubwa, mama yuko kando yangu.

Treni ilikwama njiani, alisema, na watu wakalala kando ya reli. Mama yake alikuwa na mimba, na jirani yake pale chini alikuwa papa wangu. Surua ikawapitia watoto. Mdogo wangu akafa, papa akamzika palepale, halafu naye akaanza kuugua. Kabla hajafa alimwomba yule mwanamke: ukizaa mwanamume, umpe jina la mwanangu na langu, yote mawili, mama yake akiyasikia popote atajua.

Atajua kwamba wenyewe hatupo, yamebaki majina tu! Papa alitutumia habari ya kifo, na sisi tukaipokea kwa kuanika godoro. Nilikasirika mpaka nikashindwa kulia.

Mama alimshukuru kijana, akamwambia amsalimie mama yake sana. Kisha akaniambia nitoe viti vyote nje. Godoro lile akalitandika chini sebuleni, akaketi juu yake miguu imenyooka, kitambaa kichwani, kama mama mwenye kilio.

Majirani wakiona viti uani hawaulizi mara mbili, wanaingia. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu anayemuuzia mama samaki kwa jumla. Alivua kofia, akaniangalia mimi, akawahesabu watoto wangu kwa macho.

"Pole, mama. Nani amekufa?"

"Mutoto yangu."

"Ule mukubwa wa Ulaya?"

"Hapana," mama akasema. "Ule mudogo. Iko na myaka ine."