Aliyetunga Wimbo wa Maziwa

Siku ya kwanza kuripoti kazini, katika shule ya msingi kule Bonga, Mwalimu Mkuu alinipa darasa la tatu, na kabla sijaketi akaniongezea kwaya.

"Chuoni mlisoma muziki," alisema. "Krismasi inakaribia. Watoto wataimba kanisani."

"Wataimba wimbo gani?"

"Wimbo wa Maziwa. Kuna mwingine?"

Mimi mzaliwa wa Singida sikuujua. Unasimulia wachungaji waliopata habari za mtoto aliyezaliwa zizini, wakaona aibu kwenda mikono mitupu, wakarudi kwanza kukamua ng'ombe. Siku hizo tulifundisha kwa nota za solfa, yaani do, re, mi zilizoandikwa ubaoni kwa herufi, na juu upande wa kulia tuliweka jina la mtunzi. Nota hizo nilizipata kwa kuwasikiliza watoto. Wao ndio walionifundisha mimi. Nilipofika kwenye jina nikamfuata Mwalimu Mkuu.

"Uliletwa na padri mmoja wa zamani," alisema. "Alikuwa na pikipiki."

"Aliutunga yeye?"

"Aliuleta. Habari ya kutunga siijui."

Pale juu kulia nikaacha wazi.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa Sigino. Huko nilikuta wimbo uleule, ila una ubeti mmoja ambao Bonga hawakuwa nao: mchungaji mdogo asiye na ng'ombe anawabebea wenzake kibuyu. Baada ya mazoezi ya kwanza, mama mmoja wa sauti ya alto, ile ya chini kwa wanawake, alibaki nyuma. Alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, na wote walimwita Mama Paskali.

"Mwalimu, huo wimbo ni wa mwanangu," alisema. "Paskali aliutunga akichunga ng'ombe, mwaka aliomaliza la saba. Mwaka uliofuata homa ikamchukua."

Nilimpa pole, nikamuuliza ilikuwa mwaka gani, akanitajia. Kichwani nilikuwa napiga hesabu, na hesabu ilikataa. Mwaka huo aliousema, mimi nilikuwa tayari nawafundisha watoto wa Bonga wimbo huohuo. Nikawauliza wanakwaya wengine. Wote walikubaliana kwamba Paskali ndiye aliyewafundisha, wala hawakuwahi kuusikia kabla yake. Nikarudi kwa Mama Paskali.

"Labda alitunga ule ubeti wa kibuyu, Mama?"

"Wote ni wake," alijibu, bila hasira.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Maisaka. Nilidhani huko nitapumzika na habari hii. Jirani yangu Mama Zuhura, Mwislamu mwenye asili ya Kondoa, alikuwa na duka dogo. Asubuhi moja nimekwenda kununua chumvi, nikamkuta anambembeleza mjukuu kwa sauti ileile ya Wimbo wa Maziwa, kwa maneno mengine kabisa.

"Mama Zuhura, huo umeutoa wapi?"

"Kwa bibi yangu. Ni wa kulazia watoto." Akanitazama. "Nyie mnauimba kanisani, sivyo? Siku zote nilidhani mmetuiga."

Nikaondoka, chumvi nimeiacha kaunta.

Wakati huo nilikuwa naongoza pia kwaya ya parokia mjini. Mwaka mmoja Paroko aliamua turekodi nyimbo zetu za Krismasi, na mafundi wa studio wakataka majina ya watunzi. Paroko akaniita.

"Mwalimu, wimbo hauwezi kukosa mwenyewe. Nipe jina nilitangaze kwenye misa."

Nilimweleza yote: padri wa pikipiki, Paskali, bibi wa Kondoa. Akaniomba nirudie kipande cha Kondoa. Kisha akavua miwani.

"Sasa umenichanganya na mimi," alisema. "Utatangaza wewe."

Habari kwamba nitamtangaza mtunzi zilifika Sigino. Asubuhi ya Krismasi Mama Paskali alikaa benchi la mbele, amevaa kitenge kipya. Nilisimama mbele ya kipaza sauti. Nikimtaja Paskali kuwa mtunzi, nasema jambo nisiloliamini. Nikisema mtunzi hajulikani, namnyang'anya mama huyu kitu kilichobaki cha mtoto wake.

"Wimbo huu umepita kwa watu wengi," nilisema, "na wa kwanza hatumjui. Watu wa Sigino walifundishwa na marehemu Paskali. Mama yake yuko hapa nasi."

Kwaya ikaanza. Ulipofika ubeti wa kibuyu, kanisa zima lilikuwa limesimama, na Mama Paskali alikuwa anaimba amefumba macho. Baada ya misa alinishika mkono.

"Hukusema aliutunga."

"Sikusema, Mama."

"Lakini jina lake umelitaja."

Akaendelea kunishika mkono. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananishukuru au ananilaumu.

Sasa nimestaafu. Wimbo unachezwa kwenye simu na stendi kila Desemba, na chini yake limeandikwa jina langu, kwamba mtunzi ni mimi. Aliyeliweka simjui. Nimekana mara nyingi, watu wanasema ni unyenyekevu tu. Kibaya zaidi, siku nyingine nikiosha vyombo nauimba, nafika mahali sauti inapopanda, nasita. Sikumbuki kama Bonga waliipandisha hivyo. Inawezekana ni mimi niliyeipandisha.

Juzi alikuja Anjela, binti anayeongoza kwaya siku hizi.

"Shikamoo, Mwalimu. Krismasi hii tutangaze wimbo ni wa nani?"

"Marahaba. Msitangaze. Ila uanzeni chini kidogo kuliko mwaka jana."

"Kwa nini?"

"Mkiuanza juu, wanaokaa nyuma wanashindwa kuingia."