Kanzu ya Bwana Haskew

Nyumba za wazungu wa mji wetu hazikufua hata soksi. Kila Jumatatu mafurushi ya nguo chafu yalivuka reli kwenda mtaa wa weusi, kwa dobi Ozella Tuggle, na wenyewe hawakukumbuka wametumbukiza nini. Ndivyo mke mpya wa Bwana Haskew, muuza mbegu, alivyomtumia mashuka, kitambaa cha meza kilichotariziwa mawaridi, na kanzu nyeupe yenye kofia ndefu ya kufunika uso. Pindo la kanzu lilikuwa na damu iliyokauka.

Ilikuwa Alabama, mwaka 1949. Wiki iliyotangulia, watu wa Klan, kundi la siri la wazungu lililowatisha weusi, wakiwa wamevaa kanzu kama hiyo, walimtoa Lemuel, mdogo wake Ozella, nyumbani, wakamchapa mijeledi kwa sababu alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Mkuu wa polisi aliuliza, "Utamshtaki nani? Hawakuwa na sura."

"Ichome, dada," alisema Lemuel, amelala kifudifudi.

"Nikiichoma, wewe umepigwa na nani?"

"Basi ifue, uwarudishie. Tuishi."

Hakuifua. Aliianika na damu yake, ikitazama barabara, kando ya kile kitambaa cha mawaridi ambacho kila mgeni wa Haskew alikijua.

Jirani yake Eula alisimama uani. "He! Siku hizi unafulia na mizimu?"

"Mizimu haitoki jasho la kwapa, shoga. Tazama."

Eula hakucheka. Alikwenda kuwaita wanawe waingie ndani.

Adhuhuri Haskew akafika. "Shangazi," alisema. Wazungu walimwita hivyo ili wasimwite Bibi Tuggle. "Shusha hicho kitu."

"Cha nani, bwana? Nisije nikampa asiye mwenyewe."

"Usinichezee."

"Basi mwenyewe akitungue."

Magari yalikuwa yameanza kusimama barabarani. Haskew aliyatazama, akavuta vibanio kwa mkono wake, akaibana kanzu kwapani. Dirishani Lemuel alikuwa amejiinua kwa viwiko. Huyo ndiye aliyempimia mbegu za pamba kila masika.

Haskew hakushtakiwa. Mafurushi hayakuja tena, na kabla ya Jumapili nyumba ya Ozella na Lemuel ilichomwa moto. Ozella alimaliza umri wake akifua mashuka ya hoteli huko Chicago. Lemuel hakuweza tena kuinua mkono wa kulia. Lakini alipokuja wakili aliyekuwa akikusanya ushahidi dhidi ya Klan, akamuuliza ni akina nani waliompiga, Lemuel hakusema "watu fulani." Alitaja jina.