Glavu ya Mkono wa Kushoto

Katika orodha ya mahali alipopata kufanya kazi, ambayo alinisomea mwenyewe katika kikao cha kwanza cha kurekodi maisha yake, kutoka katika daftari lake, karakana ninayoisimulia hapa haimo. Hakukosea. Ukiacha siku moja ya majaribio, hakufanya kazi pale kamwe. Ni katika kikao cha tatu, kinasa sauti kikiwa kimekwisha kuzimwa, aliponiomba nikiwashe tena.

Wenzake humwita Rula, kwa urefu wake na kwa kunyooka kwa mistari yake. Amekuwa mkataji wa nguo tangu ujana. Wakati wa habari hii alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwezi wa nne hana kazi, na binti yake wa pekee alikuwa na pumu.

Karakana ilishona sare za shule. Ilikuwa chumba kimoja kirefu: upande wa madirisha cherehani kumi na sita, katikati meza ya kukatia. Juu ya meza hiyo kitambaa hutandikwa tabaka juu ya tabaka, hata arobaini, kisha mkataji huweka karatasi ngumu yenye umbo la nguo, huchora kwa chaki, huiondoa karatasi, na kupitisha mashine yenye kisu kilichosimama wima. Mkono wa kulia husukuma mashine. Wa kushoto hutangulia ukibana kitambaa kisiteleze, na ndiyo maana huvikwa glavu iliyofumwa kwa nyuzi za chuma.

Mkataji wa pale, mzee aliyeitwa Chaki, alikuwa amemwomba mwenye karakana amtafutie mrithi, kwa sababu ya mgongo. Ndivyo alivyosema. Siku ya majaribio Rula alisimama kando yake tangu asubuhi, na kabla ya saa nne alikuwa ameona jambo ambalo hakupata kuliona kwa mkataji yeyote. Mzee hakuiondoa karatasi. Aliiacha juu ya kitambaa, akavua glavu, akapapasa ukingo wa karatasi kwa kidole cha shahada, na kisu kikafuata kidole.

"Mzee, glavu," Rula alisema kwa sauti ya chini.

"Glavu haina macho, mwanangu."

"Na wewe je?"

Mzee alizima mashine. "Presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kupitia chupa ya dawa. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa kuwa wewe ndiye unayenirithi."

Mwenye karakana akijua leo, alieleza, mashine itazimwa leo. Meza ikilala, cherehani zote zinalala, nazo shule zinafunguliwa baada ya wiki saba. "Wale kina mama wanalipwa kwa kipande. Acha nisukume mpaka Jumatatu utakapoingia. Ila uniahidi utafunga mdomo."

Rula aliahidi. Alasiri alitia sahihi barua ya kazi, na mzee akamkabidhi glavu. "Chukua. Mimi na yeye tulikwisha achana."

Ijumaa ilifika barua nyingine, kutoka kiwanda kikubwa alikoomba kazi miezi mitatu nyuma na kukata tamaa. Mshahara ulikaribia mara mbili ya ule wa karakana, pamoja na matibabu ya familia nzima. Mkewe aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi.

"Lakini nimekwisha tia sahihi kule," Rula alisema.

"Sahihi ni wino, baba. Mtoto jana kalala ameketi."

"Yule mzee ananingoja."

"Ana nini hata asiweze kungoja wiki mbili zaidi?"

Rula aliikunja barua. Alikuwa ameahidi kufunga mdomo.

Jumamosi alikwenda karakana mwenyewe, na alitaka hilo liandikwe, kwa maana wengi hutuma ujumbe tu. Mwenye karakana, mwanamke wa makamo mwenye utepe wa kupimia shingoni, alimsikiliza bila kuacha kukunja sketi.

"Wenzako hushika mbili, moja ikawaponyoka," alisema. "Wewe umeshika mbili ukachagua nono."

"Nisamehe, mama. Nina mtoto mgonjwa, hapumui vizuri."

"Kila anayenikimbia ana mtoto mgonjwa. Haya. Mzee ataendelea mpaka shule zifunguliwe. Mgongo utamvumilia."

Hapo, Rula aliniambia, palihitajika maneno matatu tu: mzee haoni vizuri. Alikuwa nayo mdomoni. Alimtazama mzee, ambaye alikuwa amesikia yote na alikuwa amegeuza uso upande wake, ila ukimkosa kidogo.

"Mwache aende, mama," mzee alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Mwenye macho haambiwi tazama. Ameona pazuri."

"Leo rula imepinda," akadakia mshonaji mmoja, na wenzake wakacheka.

Rula aliiweka glavu juu ya meza. Mkono wa mzee uliitafuta shibiri moja kando ya pale ilipokuwa kabla ya kuigusa. "Letu libaki letu," mzee alinong'ona.

Jumatatu alianza kazi kiwandani. Kila wiki alijiambia kuwa bila shaka mkataji mwingine amepatikana, wala hakwenda kuuliza. Wiki ya tano alimkuta langoni mshonaji yule aliyemtania, akitafuta kibarua.

"Meza imelala tangu Jumanne," alimwambia. "Kisu kimemla mzee vidole viwili, cha shahada na cha kati. Na glavu ilikuwa imetundikwa msumarini, haina hata tone la damu."

Hospitalini mzee alilazwa kitanda cha ukutani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Daktari alikuwa amemulika macho yake, na sasa kila mtu alijua. Mke wa mzee, aliyeketi kando yake, alimtambua mgeni kwa urefu aliosimuliwa.

"Wewe ndiye uliyekuwa uje. Ulisimama naye mezani siku nzima. Hukuona kitu?"

"Angeona nini?" mzee alimtangulia kujibu. "Mimi mwenye macho yangu sikuona."

Mkewe hakucheka. Alimngoja Rula ajibu.

"Sikuona," Rula alisema.

Mzee aliuliza: "Mtoto anapumuaje?"

"Anapumua vizuri, mzee."

"Basi."

Mzee aliishi miaka tisa baada ya hapo. Rula hakurudi kumwona. Mjane wake yu hai bado, na Rula aliniomba kwamba haya yakikamilika, asomewe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimsomea sebuleni kwake, asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Nilijua palepale, kwa jinsi alivyokawia kujibu," alisema. "Nikasema atakuja mwenyewe. Mzee naye alimngoja. Kila mlango ulipobishwa alikuwa akiniuliza, ni yule kijana mrefu? Nikawa namwambia, hapana, ni jirani."