Ngumi Moja ya Ugali Ukweni

Jumapili iliyopita, huko Kakese, niliinama kumwamkia baba mkwe na suruali ikashuka mpaka magotini, majirani waliotoka kanisani wakitazama. Nimevuka mipaka mingi bila askari kunivua nguo. Nikaja kujivua mwenyewe ukweni.

Kosa ni la kukonda. Daktari alinikataza ugali, wali na mihogo, nikaishi kwa nyama, samaki na mboga. Sasa anasema uzito umefika: nisipungue tena, nisinenepe tena, nirudishe ugali kidogo kidogo, usizidi ngumi.

Tulipokaa kula pamoja na majirani, ukaletwa mgebuka, samaki wa ziwani, na ugali mkubwa kama kichuguu.

“Mimi kiasi cha ngumi tu, baba,” nikasema.

Baba mkwe akaitazama ngumi yangu kwa huruma. Majirani wakaacha kutafuna. Kupungua kunataka moyo, msomaji. Kubaki hapohapo kunataka ruhusa ya ukoo mzima.

Nikaanza kumweleza habari za daktari. Mama mkwe, ambaye kwa heshima huongea nami akiwa jikoni, akanikatiza:

“Huyo daktari haishi Kakese, mkwe. Wanaosema binti yangu hamlishi mumewe wanaishi hapa, na ndio hao umekaa nao. Kula.”