Siku Tulipopima Mbolea ya Goreti

Mlio wa kile kipima mionzi ulifanana na mahindi yanapoanza kupasuka kuwa bisi: tik moja, kimya, tik mbili za haraka, kimya tena. Kidato cha pili kizima tulikuwa tumeacha hata kukohoa ili tusikie. Mashine yenyewe ilikuwa boksi la chuma la kijivu lenye kifimbo kilichoungwa kwa waya, na iliachwa shuleni kwetu Mpanda na mtaalamu mmoja wa madini aliyekuwa anahama. Mwalimu Maganga, aliyetufundisha Fizikia, aliipenda kuliko pikipiki yake. Shida ni kwamba hakujua kama bado ni nzima. Ikiwa mezani peke yake ilitoa milio kama ishirini kwa dakika, na akatueleza kuwa hiyo ni mionzi midogo ya kawaida, iko ardhini na angani, iko hata miilini mwetu. Ili kujua kama mashine inafanya kazi, alihitaji kitu kinachozidi kidogo hapo, kitu salama, cha nyumbani tu. Akatupa wiki moja tukitafute.

Mimi nilipewa daftari kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Kila mmoja wetu alileta chake, na kila kilichowekwa mezani nilikiandika: jina la kitu, jina la aliyekileta, idadi ya milio kwa dakika. Zikaja ndizi mbivu, chumvi ya mawe, kigae cha chungu, saa ya ukutani iliyokufa, na jiwe la kumetameta ambalo mwenye nalo aliapa kuwa ni dhahabu. Ishirini, kumi na tisa, ishirini na mbili. Mashine haikujali. Wa mwisho alikuwa Goreti, na yeye alileta mbolea ya tumbaku iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Kwao ni Katumba, kwenye makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, ingawa yeye na mama yake wote walizaliwa hapa hapa nchini. Alikuwa amesoma kitabuni kwamba potasiamu ina mionzi kidogo ya asili, akakumbuka kuliona neno hilo kwenye mifuko ya baba yake. Sisi wengine tuliokota vitu. Yeye peke yake ndiye aliyefikiri.

Kifimbo kiliposogezwa, bisi zikaanza kupasuka kwa haraka. Thelathini na nne. Tukarudia: thelathini na sita. Mwalimu aliruka kama mtoto. "Nzima! Mashine ni nzima kabisa!" Kengele ya mapumziko ikalia, akafunika boksi na kusema maelezo tutayapata kipindi kijacho. Kipindi hicho hakijafika mpaka leo.

Tulikuwa tunapima mashine. Lakini kabla ya saa ya chakula, shule nzima ilishaamini kwamba aliyepimwa ni Goreti, na kwamba amekutwa na mionzi. "Oya, umeme ukikatika kaeni karibu na Goreti, anawaka, mjisomee!" mmoja alipiga kelele dirishani, na watu wakacheka. Mwingine akamwambia, "We mkimbizi, na nyie kumbe mnakula sumu huko kwenu?" Dawati lake likabaki na mtu mmoja. Siku ya tatu walikuja wazazi kulalamika, na mkuu wa shule akaamuru boksi lifungiwe stoo na jambo lisizungumzwe tena, litaisha lenyewe. Mwalimu Maganga akatii. Mtu mzima pekee aliyejua ukweli, na aliyelipwa mshahara ili auseme, akaingia darasani na kutufundisha nyenzo na kapi.

Katumba ni mbali mno kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo Goreti alikuwa akikaa Makanyagio, hapo mjini, kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Shukuru. Jumamosi hiyo aliambiwa ahame. Nilikwenda kumsaidia kubeba godoro. Mama Shukuru alisimama koridoni na sura ya huruma. "Mwanangu, sikufukuzi. Nina watoto wadogo humu ndani. Hiyo mionzi ikiisha nguvu, utarudi." Nyuma yake, ukutani, ilipangwa mifuko saba ya mbolea ya tumbaku, maana mumewe naye alikuwa mkulima. Rangi ileile, maandishi yaleyale. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amekaa juu ya mifuko hiyo anakula kiporo.

"Mama, mbolea yenyewe si ndiyo hii?" nilimuuliza.

Aliitazama mifuko, akanitazama mimi. "Hii tumenunua dukani, Majengo," alisema. "Ile imetoka Katumba."

Nilifungua mdomo, ila Goreti aliniwahi. "Shika upande wako, twende."

Jumatatu nilimfuata Mwalimu Maganga ofisini na daftari langu. Nilimwomba tuibebe ile mashine mpaka Makanyagio, tupime mifuko saba mbele ya watu, dakika kumi yaishe. Alisoma ukurasa wangu taratibu, akanirudishia. "Umeandika vizuri," alisema. "Lakini mimi nina familia, binti. Mkuu ameshasema." Nikamwambia basi aje aeleze tu, bila mashine, kwa mdomo. Akaanza kusahihisha madaftari. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa umebaki majuma machache. Goreti hakupata pa kukaa mjini, hakuufanya, na hakurudi shule. Mwanafunzi aliyetuzidi wote kwa akili akaenda kuchuma tumbaku, kwa kosa la kujibu swali sawasawa.

Siku hizi shule ile ina bweni la wasichana, na mtoto wa Katumba hahitaji huruma ya koridoni kwa mtu. Hilo ni jambo jema, nalikubali. Mwaka huu Mwalimu Maganga amestaafu, na kwenye kundi letu la WhatsApp tukaombwa kila mmoja aandike neno la shukrani. Mmoja akakumbusha ile siku ya mbolea, akaweka vikatuni vya kucheka machozi, na wenzake kumi wakamfuata. Nilimpigia Goreti, ambaye hayumo kwenye kundi kwa sababu hakumaliza na sisi, nikamwambia nataka kuandika kila kitu kuhusu yule mwalimu, kama ataniruhusu.

"Andika," alisema. "Ila usimwandike yeye tu. Mwalimu alikuwa mmoja. Nyie mlikuwa wangapi mle ndani?"

Nilitoa lile daftari, ambalo bado ninalo, nikahesabu majina yote isipokuwa la Goreti. Tulikuwa arobaini na mmoja, pamoja na mimi.