Namba ya Elise ku Gare

Bibi yangu wa ndoa, Tshibola, alizaliwa hapa Kolwezi. Masheni, kampuni ya mugodi, ilileta tata yake mzazi toka Kasai kuchimba shaba. Yeye, Kasai hakuiona, mpaka 93, wakati bijana ba hapa balikuja ku mulango yetu na fimbo: “Bakasai, rudieni kwenu!”

Kwetu wapi?

Tulilala ku gare miezi mbili, tunangoja treni. Kila jamaa iling'oa mulango ya nyumba yake, inalala juu yake. Ku ule mulango mutoto wetu Elise alikufa kwa kuhara. Miaka mbili. Tulimuzika pembeni ya reli. Musalaba hatukukuwa nao. Nikapigilia ku mugogo wa reli kibati yangu ya kazi, yenye namba. Ku masheni mutu alijulikana na namba, si na jina.

Toka Kasai tulirudi 2001. Tshibola akauza mikate ya mafuta mu mutaa wa Kasulo. Majirani bote banachimba ndani ya nyumba zabo, banatafuta kobalti. Yeye akakatala: “Chini ya kitanda yangu hakuna mutu atachimba. Shimo ya Elise inatosha.”

Mwezi uliopita alikuwa anakufa, akaniambia: “Tata Elise, uniletee udongo ya mutoto, bauweke pamoja na mi.”

Akazikwa, ikabaki siku moja bamwange simenti ku kaburi yake. Na gare siku hizi iko na ukuta na sentinel, mulinzi. “Kuingia ni bageni ba matembezi tu,” mulinzi akasema.

Basi nikaingia mu matembezi. “Historia ya Mapinduzi ya Muji Wetu”, njo jina yake. Bageni kumi na mbili ba Lubumbashi, na kofia. Mwenye kubatembeza: Polycarpe. Nilimujua na sauti. 93 alikuwa ku mulango yangu na fimbo. Yeye hakunijua. Uso ya mutu unayemufukuza, unaiangalia ya nini?

Akatusimamisha ku ukuta moja.

“Muone matundu ya risasi! Vita ya 78!”

Bageni banatia bidole, banapiga picha. Ule ukuta ulijengwa 84. Matofali nilibeba mi. Matundu ni ya misumari, balikuwa banatundika tangazo ya bia. Nikisema, atanifukuza tukiwa hatujafika gare. Kufukuza anajua.

Tukafika gare.

“Hapa bandugu ba Kasai balipanda treni na furaha, banaimba!”

Mama moja, Jessica, akauliza: “Na furaha, tata? Na balikula nini?”

“Eh mama! Ilikuwa sikukuu.”

Kiisha akatupeleka ku reli. Akavua kofia.

“Kibati hii ni ya shujaa wa mapinduzi. Alianguka hapa. Namba yake ya siri, mpaka leo hakuna mutu anaijua.”

Bageni nabo bakavua kofia. Kibati yangu. Imekuwa kijani.

Nikapiga magoti, nikatoa mu mufuko kitambaa ya kichwa ya Tshibola, nikaanza kuchimba na kijiko.

“Muzee! Usiguse! Ni kitu ya historia!”

Nikamupatia Mama Jessica karte yangu ya kazi ya zamani, yenye namba. Akasoma karte, akasoma kibati.

“Namba ni moja. Tata, shujaa ni weye?”

“Hapana. Ni Elise. Alikuwa anaanza kusema maneno.”

Polycarpe akacheka kidogo. “Tata, labda unachanganya…”

“Polycarpe, ule mulango Elise alikufia juu yake, 93 uliusukuma na muguu kwetu nyumbani. Ulikuwa na viatu ya tata yako, bikubwa kukupita.”

Akaangalia viatu yake. Bageni nabo bakaviangalia.

Nikafunga kitambaa.

“Bageni, tuendelee,” akasema. Mama Jessica peke yake alibaki, akanishika mukono nisimame.

Asubuhi nilimwanga udongo juu ya Tshibola, kabla ya simenti. Mwashi akaandika na musumari, mu simenti mbichi, majina mbili. Namba, hapana.

Nasikia Polycarpe angali anabaonesha kibati. Sasa anasema shujaa yake alikuwa na mutoto. Aseme. Pale kumebaki kibati tu.